Mifuko ya Bethidei ya Kasuku

Fundi alikuwa na msemo aliourithi kwa mzee aliyemfundisha kushona: mkasi una mdomo, lazima ule. Aliusema kwa kucheka kila mteja alipouliza mbona kitambaa kimeisha chote, na mteja naye alicheka, maana Fundi alikuwa mcheshi na mishono yake ilinyooka. Nani agombane na mtu anayekutoa umependeza, eti kwa sababu ya kipande cha nguo? Watu wa mtaa ule walimwachia vitambaa vyao kama unavyomwachia jirani ufunguo wa nyumba, wakaenda zao. Ushonaji wote umesimama juu ya jambo hilo. Cherehani unaweza kuazima, uaminifu huazimi popote.

Alichokula mkasi kiliishia kwenye gunia chini ya meza ya kukatia. Vingi humo vilikuwa vipande halali, vya ukubwa wa kiganja, ambavyo hata mwenyewe angerudishiwa angevitupa. Lakini si vyote. Vilikuwamo pia vipande vya heshima, vya kutoa blauzi nzima ya mtoto, vilivyoingia guniani siku Fundi alipokuwa amechoka, au alipokipenda kitambaa, au alipoona mteja mwenyewe hana habari. Hakujiita mwizi. Mwizi kwake alikuwa yule anayeruka ukuta.

Sasa, Fundi alikuwa na binti mmoja tu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa sababu alisema tangu anafumbua macho mpaka anayafumba. Bethidei ya Kasuku ilikuwa inakaribia, na shuleni kwao kulikuwa na ugonjwa. Kila mtoto aliyesherehekea siku yake alitakiwa awape wageni kifurushi cha kwenda nacho nyumbani: filimbi, miwani ya plastiki, puto na peremende za kuozesha meno. Filimbi ilivunjika kabla ya kufika kona, miwani ilidumu mpaka mtoto alipoikalia. Sherehe ya mwisho, mtoto mmoja alimeza kokwa ya ndani ya filimbi, mama yake akatoka mbio peku na mtoto begani hadi zahanati. Kokwa ilitoka salama. Wamama wakaapa kwamba sasa basi, kisha aliyefuata akagawa vifurushi vikubwa zaidi.

"Mimi sigawi takataka," Fundi alisema. "Mtoto akitoka kwangu atoke na kitu cha kumfaa."

"Mpe nini?" aliuliza Baba Kasuku, mumewe, ambaye alikuwa kinyozi. "Tumwoshe kichwa?"

Jibu Fundi alilipata kwa kutazama njia asubuhi. Watoto walikwenda shule na viatu vya michezo mkononi, au wamevisokomeza kwenye mkoba pamoja na madaftari, matope na hesabu vikalala kitanda kimoja. Fundi akaamua: kila mgeni atapewa mfuko wa kitambaa wa kubebea viatu, wenye bitana ndani na kamba ya kuvuta mdomoni, mfuko wa kufuliwa na kudumu mpaka mdogo wake aurithi. Alishona wa kwanza, akauvuta kwa nguvu zake zote, haukuachia hata uzi. Wazo lilikuwa zuri. Mimi sitasema vinginevyo, hata baada ya yote yaliyotokea.

Kasuku alilia kwanza. "Mifuko, mama? Watanicheka!" Fundi hakubishana naye, alilivuta gunia akalimwaga sakafuni. Mtoto alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema. Kulikuwa na maua, mistari, madoadoa, rangi ambazo duka zima halikuwa nazo. Akaanza kuchagua, huyu nampa hiki, yule nampa kile, hata machozi hayajakauka.

"Vyote hivi ni vya nani?" akauliza.

"Vya kwetu."

"Vyote?"

"Vyote, mwanangu."

Kasuku akakivuta kipande kikubwa kuliko vingine, cha kijani kibichi chenye vidoa vyeupe. "Hiki cha Kimya," akasema. Kimya alikuwa rafiki yake mkubwa, msichana asiyesema sana; bila shaka walipatana kwa sababu mmoja wao alihitaji masikio. Fundi alikishika kile kitambaa, akahisi kama anakifahamu. Kisha akawaza kwamba fundi hufahamu vitambaa vyote, akakata.

Siku yenyewe ilianza vizuri, na hilo ndilo linalouma. Baba Kasuku alifunga kibanda chake cha kunyolea mapema, akapuliza maputo mpaka mashavu yakamvimba. Keki ililetwa na Mama Kimya, aliyekuwa mwokaji kwenye kiwanda kidogo cha mikate barabara ya nyuma. Aliioka mwenyewe, akakataa kata kata kulipwa. Alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu, na jasho linamtiririka.

"Vua basi hilo sweta, shoga, utaiva," Fundi alimwambia.

"Nimezoea," akajibu, akatabasamu kidogo.

Wakati wa kuagana ulipofika, Kasuku alipanda juu ya kiti akawaita wenzake mmoja mmoja. Watoto walifurahi kuliko Fundi alivyotarajia. Mmoja aliuvaa mfuko kichwani, wengine wakaanza kuvua viatu palepale ili wajaribu. Wamama wakasifu. "Umetufunza, Fundi. Filimbi sasa kwaheri." Fundi akavimba kichwa, sitaki kumficha.

Ndipo Mama Pacha, mnene wa mwili na wa kicheko, aliponyanyua mfuko wa mmoja wa wanawe karibu na macho. "Ala! Hili si pazia langu la sebuleni?"

Wakacheka wote.

"Wewe Fundi! Si uliniambia limeisha lote, mpaka dirisha la jikoni likabaki uchi?"

"Mkasi una mdomo, Mama Pacha," Fundi akasema, naye akicheka.

Lakini mama mwingine alikuwa ameugeuza mfuko wa mtoto wake ndani nje, na yeye hakucheka. "Hii ni suruali ya mume wangu," akasema polepole. "Ile uliyosema haiwezekani kuwekwa mifuko ya nyuma." Wamama wengine wakaanza kuchungulia mikononi mwa watoto wao. Fundi akiona kitambaa huona kazi. Mwenye nguo huona siku aliyoivaa. Hapo ndipo alipokosea hesabu yake, maana aliwaalika wateja wake mwenyewe, akawagawia ushahidi, tena wenye bitana.

Wakiwa bado wanachungulia, Kasuku alipaza sauti. "Kimya, njoo! Wako ndio mzuri kushinda yote!" Akauinua mfuko wa kijani juu kabisa.

Fundi aligeuka kumtazama Mama Kimya, aliyekuwa amesimama kando ya mabaki ya keki na kisu mkononi. Kumbukumbu ikamjia yote kwa mpigo. Mama Kimya alikileta kitambaa kile kimekunjwa ndani ya gazeti. Kilikuwa cha marehemu mama yake. Kaka yake alikuwa anaoa. Alileta na gauni la zamani la kupimia, akasema, "Nataka mikono mirefu, Fundi, mpaka hapa kwenye kifundo." Na Fundi siku hiyo kazi zilimzidi, na mikono mirefu yenye vifungo ingemla mchana kutwa. Akapitisha futi kwa kujifanya anapima, akakunja uso. "Hakitoshi, dada. Mikono mifupi ndiyo salama."

"Kweli hakitoshi?"

"Kweli."

Uvivu ukavaa nguo za uongo, na kilichobaki kikaingia guniani. Kwenye arusi Mama Kimya alilivaa lile gauni na sweta juu yake, joto la kukaanga mtu, na Fundi akamnong'oneza jirani yake kwamba Mama Kimya ana baridi ya mifupa. Walicheka sana siku ile.

Sasa Mama Kimya aliutazama mfuko, halafu akamtazama Fundi. Alikipangusa kisu, akakiweka, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Mtoto aliondoka akiukumbatia mfuko wake.

Laiti angegawa filimbi! Zingekuwa zimevunjika kabla ya jua kuzama, na mambo yote yangesahaulika. Lakini Fundi alikuwa ameshona vitu vya kudumu. Mwalimu aliipenda mifuko ile, akapigilia misumari ukutani, ikatundikwa mstari mmoja, pazia la Mama Pacha kando ya suruali ya mume wa mwenzie. Kila mzazi aliyeingia darasani aliiona. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa ambacho hakijakatwa, akasema ameahirisha. Mwingine alileta kitambaa chake, akavuta kiti, akakaa kuutazama mkasi mwanzo mpaka mwisho, kisha akaokota vipande vyote hadi vile vya ukubwa wa ukucha, akavitia kwenye mkoba. "Si kwamba sikuamini, Fundi," alisema. Fundi aliona afadhali angetukanwa.

"Wateja wangu mimi," Baba Kasuku alijaribu kumchangamsha, "hawajawahi kurudi kudai nywele."

"Nyamaza, Baba Kasuku."

Kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa Kasuku. Mtoto alirudi kutoka shule kimya, akala kimya, akakaa mlangoni akichezea uzi. Siku moja aliuliza bila kuinua kichwa, "Mama, ulisema ni vya kwetu."

"Kula chakula chako," Fundi akamjibu, ingawa mtoto alikuwa ameshamaliza kula.

Alitaka kwenda kwa Mama Kimya. Alifika hata mlango wa kiwanda cha mikate, akasikia trei zikigongana ndani, akageuka, akarudi. Atamwambia nini? Kwamba alichoka? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye alikuwa ameubeba mzigo wa Mama Kimya kwa mzaha muda wote huo bila hata kuuliza ndani mna nini.

Mwishowe Mama Kimya alikuja mwenyewe. Ilikuwa alasiri, Kasuku ameketi mlangoni na madaftari yake. Mama Kimya alimpapasa kichwa akipita, akaingia, akaweka juu ya meza lile gauni la kijani, limepigwa pasi. Kando yake akatandaza kitambaa cha mfuko. Alikuwa ameufumua mshono kwa mshono, akakifua, akakinyoosha. Matundu ya sindano yalionekana bado.

"Kimya amelia sana," akasema. "Amesema ndiyo zawadi nzuri kuliko zote alizowahi kupewa. Nimemwambia utamshonea mwingine."

"Nitamshonea, dada. Nitamshonea hata leo. Mama Kimya, mimi..."

"Ngoja kwanza." Akaanza kuvua sweta. Alilivua taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili, akalikunja. Kuanzia vifundo hadi viwikoni ngozi yake ilikuwa na michirizi ya moto, mingine myeusi ya zamani, mingine bado ya waridi, mmoja juu ya mwingine, kila trei na alama yake. "Shemeji zangu wapya walikuwa wananiona kwa mara ya kwanza siku ile," alisema. "Sikutaka waanze na hii. Ndiyo maana nilitaka mirefu."

Fundi alitazama chini. Machozi yalimjaa, akayazuia, maana alijua wazi kwamba hakuwa na haki ya kulia.

"Mdogo wetu wa mwisho naye anaolewa," Mama Kimya akaendelea. "Nimekuja unipime, uliwekee gauni mikono mirefu. Mara hii unipime mimi mwenyewe, si gauni."

Fundi alitwaa futi. Aliiweka begani kwa Mama Kimya, akaishusha juu ya makovu yale mpaka kwenye kifundo, kisha akaipeleka kwenye kitambaa. Akapima upande huu, akapima upande ule. Alipoinua macho, Kasuku alikuwa ameacha madaftari yake. Alikuwa amesimama pembeni ya meza, anamwangalia mama yake mdomoni.

"Mama," akauliza, "kinatosha?"

Mama Kimya alimgeukia Fundi. Naye alisubiri jibu.

Ulikuwapo uongo mdogo wa kusema hapo, na Fundi aliujua vizuri. Angeweza kusema kwamba akibana hapa na akiunga pale, labda, kwa taabu, kitatosha.

"Kinatosha," akasema. "Hata siku ile kilitosha."

Kasuku alimtazama mama yake kwa muda mrefu, halafu akarudi mlangoni kwenye madaftari yake. Mama Kimya alivuta kiti, akaketi karibu na meza, mikono wazi juu ya mapaja.

"Haya," akasema. "Kata. Natazama."