Zamu ya Maji ya Jumamosi

Hudson ana miaka thelathini na minane, na kila Jumamosi huwaeleza wageni historia ya bonde ambalo si lake. Wageni hao hufika Hatta, mji wa milimani ulio chini ya Dubai, kwa basi dogo la Msellem, dereva aliyezaliwa Dubai na wazazi kutoka Unguja. Hudson huwapitisha kwenye mitende ya mwajiri wake, Arbab Marhun. Huwaonyesha mizinga ya nyuki, mnara wa mawe kilimani, na falaji, yaani mfereji wa kale unaoshusha maji ya mlimani hadi mashambani.

Maji hayo hayana mwenyewe mmoja. Kila shamba lina zamu yake ya saa kadhaa, na zamu ikifika lazima mtu awepo kuinua jiwe la lango. Asipokuwepo, maji hupita yakaenda kwa jirani, na mitende husubiri wiki nzima katika joto lile.

Mara nyingi mgeni mmoja humuuliza kwao ni wapi. Hapo uso wa Hudson hubadilika. Kwao ni Namba Nane, kijiji cha wakulima kwenye tambarare za Trans Nzoia. Palikuwa shamba la mzungu, la nane kwenye ramani ya zamani. Uhuru ulipokuja, wazee walichanga hisa, wakalinunua, wakagawana, lakini jina hawakulibadilisha. Zizi refu la farasi wa mzungu likawa shule ya msingi, na Hudson alijifunza kusoma ndani yake, ukutani bado kuna pete za kufungia hatamu.

"Na mtalii akija huko ataona nini?" mgeni mmoja aliwahi kumchokoza.

"Ngano," Hudson akajibu. "Ukisimama barabarani huoni inapoishia."

Baba yake alifariki mwaka juzi akaacha eka kumi. Mama Rispah aliamua zigawanywe kwa wanawe wawili, Hudson na mdogo wake Gibson, kabla naye hajafumba macho. Eka tano za juu ziko kando ya barabara na udongo wake ni mwekundu, mzuri. Eka tano za chini zimepakana na kinamasi, na mahindi yake hugeuka manjano kila msimu wa mvua. Kwa desturi ya pale, mzaliwa wa kwanza huchagua kwanza, mradi awepo siku ya kupiga vigingi vya mpaka. Siku hiyo ilipangwa iwe Jumamosi ya pili ya Juni. Likizo ya Hudson ilikuwa ianze Mei. Alikwisha kumnunulia mama shali.

Kilichomfunga ni neno moja.

Alipoanza kazi, Msellem alimfundisha kwamba arbab, yaani bwana mwenye kazi, akimwita, aitikie, "Hadhir." Hudson alilipenda neno hilo mara moja. Lilimkumbusha daftari la mahudhurio, mwalimu akiita majina na watoto wakiinua mikono. Akaamini maana yake ni "nipo", basi. Kwa miaka miwili aliitwa, akaitikia, na hakuna lililoharibika.

Mwezi wa Aprili, Arbab Marhun aliketi na wenye mashamba wawili jirani wakinywa kahawa. Hudson alikuwa akipita na toroli. Arbab akamwita, kisha akasema maneno mengi ya Kiarabu, akionyesha mfereji na mitende. Hudson alisikia jina lake mara mbili.

"Hadhir!" akaitika kwa sauti.

Wazee wale wakatabasamu. Mmoja akamshika mkono na kumwombea dua.

Jumamosi iliyofuata, Msellem alikuja akicheka. "Bwana wee, mbona hukunambia? Ati utawashikia maji mashamba matatu mpaka tende ya mwisho ikatwe?"

"Nani amesema?"

"Weye! Mbele ya watu. Arbab kakuuliza utakaa, nawe ukasema hadhir."

"Si nilisema nipo?"

Msellem aliacha kucheka. "Hadhir ni kuitikia amri, ndugu yangu. Ni kusema nimesikia, nitafanya."

Walikwenda pamoja kwa arbab, Msellem akiwa mkalimani. Mzee Marhun hakufoka. Aliwamiminia kahawa, akasikiliza habari za vigingi mpaka mwisho, akasikitika kweli. Lakini majirani walikuwa wamewaruhusu wafanyakazi wao kwenda makwao kwa kutegemea ahadi ile. Angewaambia nini?

"Anasema baada ya tende," Msellem alitafsiri polepole. "Yalla, Septemba, na tiketi atakata yeye."

Hudson angeweza kuondoka kwa nguvu, lakini asingepokelewa tena, na watoto wake wawili walikuwa shuleni kwa kazi hiyo. Akampigia Gibson.

"Buda, sorveya hangoji mtu," Gibson alisema. "Ingia kwa simu. Amesema akisikia sauti yako mwenyewe, sawa. Asipoisikia, mwenye yuko ndiye anachagua."

Shughuli ilipangwa saa tatu asubuhi ya Kenya, yaani saa nne ya Hatta, na zamu ya maji ilikuwa saa sita. Muda ulitosha. Mtandao ulishika juu tu, karibu na mnara, kwa hiyo Hudson alipanda mapema pamoja na Msellem, ambaye siku hiyo hakuwa na wageni, akaketi kivulini na simu mkononi. Saa nne ikapita. Mvua ilikuwa imenyesha Namba Nane na gari la sorveya, yule mpimaji wa ardhi, lilikwama kwenye matope. Saa tano ikapita pia. Saa sita kasoro dakika tano, Gibson akapiga.

"Amefika! Wanavaa gambuti."

Kutoka bondeni Arbab Marhun alikuwa akiita. Maji yalikuwa yakiteremka.

"Nenda," Msellem akasema. "Lango lile silijui. Nipe simu mie. Niseme nini?"

"Za juu. Sema Hudson anataka za juu."

Alikimbia. Aliinua jiwe, akaziba njia ya jirani kwa matope, na maji yakaingia kwenye mitende kwa kishindo. Alipotazama juu, alimwona Msellem akipunga mkono na kupiga kelele ambazo hakuzisikia.

Baadaye Msellem aliteremka taratibu, simu ameifunga katika kitambaa kuikinga na jua.

"Nimesema za juu," akaanza. "Nimesema mara tatu. Yule mpimaji kauliza, huyu Mpwani ni nani? Nikamwambia mie Hudson. Watu wote wakacheka."

"Na mama?"

"Nilimsikia. Kasema, hiyo si sauti ya mwanangu." Msellem alitazama miguu yake. "Hakutaka kusema uongo, bibi wa watu. Mdogo wako kachagua za juu. Vigingi vimepigwa, khalas."

Hudson akageukia lango. Maji yalikuwa yamefika magotini na lango lilianza kuvuja upande mmoja. Alitaka kupanda mnarani azungumze na mama yake, amuulize kama alikuwa amekaa au amesimama alipoyasema hayo. Lakini zamu ya shamba la kwanza ilikuwa ya muda wa saa tatu, na baada yake kulikuwa na mashamba mawili zaidi. Aliinama, akachota tope kwa mikono miwili, akaliziba lile tundu.