Mwanafunzi wa Hauki

Jumatano ya kwanza ya mwezi Machi, Tellervo Pulkkinen aliingia maktabani kwetu akiburuta kompyuta yake kwenye sleji ya plastiki, ile nyekundu ambayo watoto huteremkia nayo vilima vya theluji. Alikuwa ameifunika kwa blanketi na kuifunga kamba kwa mafundo yaliyonichukua dakika kumi kuyafungua. Nikamuuliza kwa nini hakupiga simu kwanza. Akasema simu ni ya watu wenye shida.

"Kwani wewe huna shida?"

"Sina. Nina swali."

Ndivyo alivyo. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha kreni katika kiwanda cha karatasi hapa Varkaus, akipitisha matani ya mzigo juu ya vichwa vya wanaume waliomwamkia kwa adabu kubwa, na tangu astaafu hajazoea kumtazama mtu kutoka chini. Mimi nina miaka hamsini na minne na mvi kichwa kizima, na kila Jumatano hukaa kwenye meza ya kuwasaidia watu na mashine zao. Yeye ananiita binti.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Wenye mfumo wa kompyuta yake walikuwa wamemwandikia kwenye skrini, bila hata salamu, kwamba mashine hiyo imezeeka na hawataihudumia tena, atafute nyingine. Tellervo, mwenye miaka sabini na miwili na nyonga moja ya chuma, aliona ametukanwa yeye.

"Inawaka," alisema akiipigapiga mgongoni. "Inaandika, inasoma. Nani kawaambia imekufa?"

Nikampa flashi yenye Linux, mfumo huria ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuufungua na kuurekebisha bila kumwomba mtu ruhusa. Ulianzishwa na mwanafunzi wa hapahapa Finland, na kila mtu wa kwetu hulitaja jambo hilo kama vile alikuwepo akimshikia taa. Nikamweleza kwamba akiwasha mashine kwa flashi ile ataulizwa achague: Jaribu, au Sakinisha. Nikamwambia asiwe na haraka, ajaribu kwanza.

Nilipaswa kumwambia pia mwisho wa kujaribu ni lini. Sikumwambia.

Basi Tellervo akajaribu. Akajaribu wiki nzima, akajaribu ya pili, akaingia ya tatu. Kila asubuhi alichagua Jaribu, akaweka picha ya ziwa kwenye skrini, akaandika barua zake, akazima. Kesho yake akiwasha, picha hakuna, barua hakuna, mfumo unamkaribisha kama mgeni. Flashi haikuwa ikihifadhi kitu chochote, maana kujaribu ni kujaribu tu. Yeye hakulijua hilo. Alidhani ni kichwa chake kinachoanza kuvuja, akafungua daftari la karatasi na kuandika: "Jana niliweka picha ya ziwa. Nina hakika." Miye hakuniambia neno. Watu wa kwetu wako radhi kuvuka ziwa barafu ikipasuka chini ya miguu kuliko kumwambia mtu nisaidie.

Lakini katika jukwaa la watumiaji wa Linux mtandaoni hakuna anayekujua. Akajiandikisha kwa jina la Kreni, akauliza. Baada ya robo saa akajibiwa na mtu aliyejiita Hauki, yule samaki wa ziwani mwenye meno mengi kuliko nyama. Baadaye alinionyesha mazungumzo yao na nikacheka mpaka msomaji mmoja akanitolea macho.

"Umejaribu kwa muda gani?" Hauki aliuliza.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Ndugu yangu, mfumo huu wengine tunaujaribu dakika kumi. Unangoja nini, ukuchumbie?"

"Mimi siinui mzigo kabla sijajaribu breki."

"Kazini ulikuwa unajaribu breki wiki tatu?"

"Kila asubuhi. Ndiyo maana hakuna aliyekufa."

Hauki akaandika: "Haya. Breki ni nzima. Sasa bonyeza Sakinisha, nami nitakaa hapahapa mpaka umalize."

Akakaa kweli. Ilichukua saa moja na nusu kwa sababu Tellervo alisoma kila sentensi iliyotokea kwenye skrini, na kwa zile asizozielewa alidai maelezo. Hauki alieleza. Alikuwa na ulimi wa msumeno, lakini alieleza. Kufikia katikati ya Aprili kompyuta ilikuwa inakwenda vizuri kuliko ilivyowahi kwenda, na wawili hawa walikuwa wakiandikiana kila asubuhi wakati wa kahawa ya kwanza. Walianza na printa, wakahamia kwenye barafu, wakatoka hapo wakaingia kwenye nyonga. Tellervo akawa anakuja maktabani ametabasamu, kitu ambacho kwa kweli kilinitia wasiwasi mwanzoni.

"Hauki anasema nina kichwa cha fundi," aliniambia. "Si kwamba nahitaji kuambiwa."

"Ila umeambiwa na umefurahi."

"Nyamaza, binti."

Sasa niseme nililolijua, maana nililijua mapema na limenitesa. Kila Jumanne huja kusoma magazeti mzee mmoja, Taisto Ruuskanen, fundi mstaafu wa nyaya za simu. Jumanne moja ya mwisho wa Machi alinifuata kwenye rafu akiwa amevimba kwa majivuno.

"Nimepata mwanafunzi," alisema. "Jeuri sijapata kuona. Anajiita Kreni. Amejaribu Linux wiki tatu!"

Nilikuwa nimebeba rundo la magazeti. Nikaliweka chini. Taisto na Tellervo wanakaa nyumba moja ya ghorofa, ngazi moja, milango yao imepakana, na walikuwa hawajasemeshana kwa miaka tisa.

Ugomvi wao ni wa zamu ya sauna, chumba cha kuogea mvuke. Katika nyumba kama zile kila familia ina saa yake kwa wiki katika sauna ya pamoja, na Ijumaa saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ambayo watu huisubiri kwenye orodha mpaka wanazeeka. Tellervo alikuwa nayo kwa miaka kumi na tisa. Alipokwenda kuwekewa nyonga aliiachia zamu yake ili isipotee bure, na Taisto, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, akapewa. Kila kitu kilifuata kanuni. Tellervo aliporudi akangoja Taisto airudishe mwenyewe, kama mtu mwenye haya. Taisto naye akangoja aombwe, maana huwezi kumrudishia mtu kitu ambacho hajasema anakitaka. Huyu hakuomba, yule hakutoa, na wote wawili wakanuna. Taisto akaongeza chumvi kwenye kidonda: akaupa mtandao wake wa waifai jina IjumaaSaaKumiNaMbili, ili kila jirani anayefungua orodha ya mitandao alione.

Ningefanya nini? Nimwambie Tellervo kwamba Hauki wake ni yule mwizi wa Ijumaa? Siku nzima alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na Taisto, ambaye mke wake alihamia Uhispania kufuata joto la huko, hakuwa na mwingine pia. Mmoja wao akijua tu, basi yamekwisha, na wangerudi kila mtu nyuma ya mlango wake. Nikafunga mdomo. Tena kuna siku nilisoma jambo ambalo Tellervo alimwandikia Hauki, jambo ambalo mimi katika miaka yote hii hakuwahi kuniambia: "Niliporudi kutoka hospitali, wiki mbili nzima hakuna aliyegonga mlango wangu. Nilikuwa nawasikia wakipita."

Na Hauki akajibu: "Majirani gani hao? Watu wengine hawana roho."

Nilisoma sentensi ile mara mbili, nikaenda kupanga vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Kisha nikaharibu kila kitu mimi mwenyewe. Mwishoni mwa Aprili waifai ya Tellervo ilianza kukatikakatika. Inashika, inaachia, inashika tena. Alikwisha kujieleza jukwaani mara tatu na Hauki hakumwelewa, naye akaniuliza afanye nini. Nilikuwa na foleni ya watu wanne.

"Piga picha ya skrini uwatumie," nilimwambia bila kuinua kichwa. "Wale hupenda picha."

Nilikuja kuiona picha jioni nilipofungua jukwaa. Ilikuwa picha safi kabisa ya orodha ya mitandao yote inayofika sebuleni kwa Tellervo. Juu kabisa, wenye nguvu kuliko hata wake, palikuwa na IjumaaSaaKumiNaMbili. Chini ya picha alikuwa ameandika: "Haya Hauki, onyesha ufundi wako."

Hauki hakuonyesha. Siku ile hapakuwa na jibu, wala iliyofuata. Wengine walijibu, mtu wa Turku akashauri hivi, mtu wa Kemi akashauri vile, na Tellervo akawashukuru wote kwa ubaridi. Jumanne Taisto hakuja kusoma magazeti, jambo ambalo halijatokea tangu mafua yake ya mwaka juzi. Jumatano Tellervo alikuja bila kompyuta, bila tabasamu, akakaa mbele ya meza yangu na koti lake mwilini.

"Amekufa," alisema.

"Nani?"

"Hauki. Au nimemuudhi. Unaonaje, nilisema neno baya? 'Onyesha ufundi wako,' hilo ni neno baya?"

"Si neno baya."

"Mimi nina mdomo, najua. Wenzangu kazini walikuwa wananijua. Huyu hanijui, labda amechukia." Akavua glovu moja, akaivaa tena. "Sikuwahi kumwambia asante, binti. Hata mara moja. Nilidhani anajua."

Roho iliniuma, nasema kweli. Nilifungua mdomo nimweleze yote, lakini simu ya mezani ikalia, na nilipomaliza kuzungumza alikuwa amekwisha kuondoka.

Jibu lilitokea Ijumaa asubuhi. Nililiona kabla hatujafungua milango ya maktaba. Hauki, aliyekuwa na utani hata kwenye habari za printa, safari hii hakuwa na utani wowote.

"Kreni. Kosa si la kompyuta yako. Ruta ya jirani, kile kisanduku cha waifai, imefungwa kwenye ukuta mnaopakana, nayo inatumia njia ileile ya hewani kama ya kwako, kwa hiyo inakumeza. Nimeihamishia ukuta wa pili na nimebadilisha njia. Jaribu sasa. Nilikuwa nawe karibu kuliko nilivyodhani, na wakati ule ningeweza kugonga mlango. Nilisikia magongo yako kwenye ngazi. Sikugonga."

Hapakuwa na kitu kingine. Watu kama mia mbili walisoma maneno hayo na nadhani ni watatu tu tulioyaelewa.

Ijumaa ile, Jumamosi na Jumapili sikumwona Tellervo. Jumatatu alikuja, ingawa si siku ya meza yangu, uso umemwiva.

"Mtandao unashika?" nilimuuliza.

"Umeshika tangu Ijumaa. Haujakatika hata dakika." Akanikazia macho. "Ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Na ukaniacha nimweleze mambo ya nyonga! Yule! Mimi nimemweleza yule kila kitu, binti, mpaka dawa ninazomeza!"

"Ungemwambia nini ungejua ni yeye?"

Alifikiri. Tellervo hasemi uongo, hata pale ambapo uongo ungemsaidia. "Nisingemwambia kitu," alisema.

Tukafungua jukwaa pamoja kwenye mashine ya maktaba. Chini ya maneno ya Hauki, msimamizi wa jukwaa, mtu wa Oulu mwenye haraka zake, alikuwa ameandika: "Kreni, tatizo limekwisha? Ukithibitisha nitaufunga uzi huu." Ndiyo desturi yao. Shida ikipona, mwenye shida husema imetatuliwa, uzi, yaani mazungumzo yale, unafungwa, na kila mtu anakwenda zake.

Tellervo alilitazama swali lile kama mtu anayepima uzito wa mzigo. Kisha akaandika kwa vidole viwili, taratibu, akisoma kila neno kwa sauti ya chini.

"Bado. Usifunge. Hauki, kuna kitu bado hakijakaa sawa na kwa kuandika hakitengenezeki. Njoo uangalie mwenyewe. Kahawa ipo."

Akabonyeza kutuma kabla hajabadili mawazo. Tukangoja. Haikupita hata dakika moja.

"Natoka," Hauki aliandika. "Nimeshavaa viatu."

"Viatu!" Tellervo aliruka kwenye kiti. "Hatua mbili anavaa viatu! Atafika sasa hivi, naye atakuta nimefunga!" Alikuwa amekwisha kushika mkoba, kofia imekaa upande, nyonga ya chuma na yote anakimbilia mlangoni kati ya meza za wasomaji. "Mwandikie, binti! Atadhani nimemfanyia makusudi! Mwandikie haraka!"

"Nimwandikie nini?"

Alikuwa tayari nje. Nikaketi kwenye kiti chake, jina lake la Kreni bado liko wazi juu ya skrini, na kwa mkono wangu mimi, ambao tangu Machi ulikuwa haujathubutu kufanya lolote, nikaandika neno moja: "Nisubiri."

Jibu lilikuja upesi. Pengine aliliandika kwa simu yake, amesimama kwenye ngazi.

"Nasubiri," alisema. "Siendi popote."