Salamu kwa Lipiko

Mwaka huu nimemwona lipiko akivua uso wake mchana kweupe. Alimaliza kucheza, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na spika, akakishika kwa mikono miwili kile kichwa cha mti alichovaa na kukivua kama mtu avuavyo kofia ya pikipiki, kisha akaomba maji ya chupa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, jasho linamtiririka, anatabasamu. Watoto wakajipanga kupiga naye picha. Mimi peke yangu niligeuza shingo na kuanza kutafuta njia ya kutokea, moyo unanidunda hadi mpwa wangu aliyenileta kwenye maonyesho akaniuliza kama sukari imeshuka.

Nilimwambia ni jua. Ulikuwa uongo wa kitoto, kwa sababu jua la mwezi wa saba Mtwara halimwangushi mtu. Upepo wa kusi unalipoza toka asubuhi. Lakini ningemweleza nini pale, katikati ya muziki na jumba la mpira la kurukia watoto linalojazwa upepo na jenereta? Wewe nitakueleza. Sijawahi kumweleza mtu kisa hiki kama kilivyokuwa, ingawa nyumbani kwetu kilisimuliwa mezani miaka nenda miaka rudi, watu wakicheka.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa bwana shamba, mama mwalimu, na serikali ilikuwa imetutoa Bukoba kwenye migomba na mvua, ikatutupa Magomeni ya Mtwara kwenye mchanga na mikorosho. Miaka ile Sabasaba ilikuwa sikukuu ya wakulima. Wiki nzima kabla yake baba alikuwa haonekani nyumbani: anasimamia mabanda ya makuti yanayojengwa uwanjani, anabishana na watu juu ya boga la nani ni kubwa, anarudi usiku shati limejaa vumbi la mihogo mikavu. Siku yenyewe ikifika tulivishwa nguo za Krismasi, tukapakwa mafuta hadi miguu ikang'aa, na kufika uwanjani miguu ilikuwa imeshavishwa soksi za mchanga.

Nikifumba macho nausikia uwanja ule kwa pua kwanza. Korosho zinazochomwa kwenye debe lililotobolewa, moshi wake mkali unaokwangua koo. Pweza. Kinyesi cha ng'ombe wawili wa maziwa walioletwa toka mbali, ambao watoto wa mjini walipanga foleni kuwatazama utadhani ni tembo. Kulikuwa na barafu za ukwaju kwenye vifuko vya nailoni, ukitoboa pembeni kwa jino na kufyonza mpaka rangi yote iishe na kubaki barafu tupu, nyeupe, isiyo na ladha, ambayo nayo ilitafunwa. Na kipaza sauti kilichotangaza watoto waliopotea zaidi kuliko kilivyotangaza mbolea.

Ila sisi hatukwenda kwa ajili ya mbolea. Tulikwenda kwa ajili ya bembea.

Ilikuwa moja tu, na aliyeitengeneza alikuwa jirani yetu, mzee wa Kimakonde aliyevuka Ruvuma ujanani na kuja kubeba mizigo bandarini. Alichukua makasha manne ya mbao yaliyotupwa huko, akayafunga kwenye gurudumu kubwa la miti, akalitia ekseli ya lori katikati. Makasha matatu yalipakwa rangi: jekundu, la njano, la kijani. La nne lilibaki mbao tupu kwa sababu rangi ilikwisha, na ndilo nililolipenda, sijui kwa nini. Hapakuwa na injini. Mzee aliizungusha kwa mikono, kasha likipita analisukuma, jingine likija analisukuma, na ekseli ikilia kwa sauti nyembamba iliyosikika hadi barabarani. Ukiwa juu kabisa uliona bahari na winchi za bandarini, halafu tumbo linabaki juu na wewe unashuka.

Tulimwita Babu Bembea. Yeye aliniita mwalimu mdogo, kwa sababu ya mama, na hakuna mtu mwingine Mtwara nzima aliyeniita hivyo. Herufi ya r haikuwemo kinywani mwake. "Kalibu, mwalimu mdogo," angesema, "shikilia hapo, usije ukaiona Msumbiji kabla ya saa yako." Kila asubuhi nikienda shule alikuwa ameketi barazani kwake anapaka grisi vyuma vyake, namsalimia kwa kupiga magoti kama tulivyofundishwa Bukoba mabinti wote, na anaitikia huku anacheka, kwa sababu watoto wa huko pwani walitoa shikamoo zao wima, wakipita.

Alikuwa na binti mkubwa kunizidi miaka mitano, nikimwita Dada. Ndiye aliyeshika foleni ya bembea, na ndiye aliyenifundisha habari za lipiko. Kwa wasiokulia huko, lipiko ni yule mchezaji wa Kimakonde aliyefunikwa nguo mwili mzima na kuvaa kichwa cha mti, chenye nywele za mtu kweli na meno yaliyochongwa, akitazama kupitia mdomo wa kinyago. Ila nikisema "mchezaji" tayari nimeshakosea. "Si mtu," Dada aliniambia, na hakuwa anatania. "Anatoka makabulini. Usimwite, usimguse. Na usimtazame miguu."

Sasa mwambie mtoto wa miaka minane asitazame miguu.

Kila Sabasaba, saa kumi alasiri, Babu Bembea alichomeka gongo kwenye gurudumu lisizunguke, akamwambia binti yake anakwenda kunywa maji. Baada ya muda ngoma zilianza nyuma ya banda la mwisho, na lipiko akatokea. Lipiko akiondoka, mzee anarudi, uso umelowa, anatoa gongo, bembea inaendelea. Wanawake wa Kimakonde waliokuwa kwenye foleni na watoto wao hawakuwahi kuuliza maji gani hayo yanayonywewa saa nzima. Leo naamini nusu yao walijua. Lakini kujua ni jambo moja na kutamka ni jingine, na ngoma yote ile ilisimama juu ya kutotamka.

Sisi watoto wa watumishi toka mikoa mingine hatukuambiwa sehemu hiyo. Tulifundishwa mambo mengine.

Asubuhi ya Sabasaba ile nilikuwa na haraka, nguo mpya, akili yote iko uwanjani, nikampita jirani barazani kwake bila salamu. Mama alikuwa nyuma yangu. Alinishika sikio pale pale. "Umempitaje mzee kama umeona jiwe? Mtoto wa mwalimu!" Mzee alisema aniache, ni sikukuu. Mama hakuwa mtu wa kuacha. Akaniinamia na kuniambia maneno ninayoyakumbuka yote: "Utakapomwona tena leo, popote, unapiga magoti na unamsalimia. Mimi nitakuwa natazama."

Alasiri ngoma zilianza. Lipiko alitoka nyuma ya banda akitikisika mwili mzima, njuga kiunoni, akawa anawakimbiza wanawake na watoto. Wanakimbia wakipiga kelele, wanarudi, anawakimbiza tena. Nilikimbia na wenzangu nikicheka kwa woga. Kisha nikajikwaa kwenye kamba ya banda la baba, nikaanguka, na nilipoinua uso miguu yake ilikuwa hapo mbele yangu. Kisigino kilikuwa na grisi nyeusi. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na kucha. Kasha la bandarini liliichukua, alishanionyesha mwenyewe.

Nikatazama pembeni. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, macho yake kwangu.

Nilijipangusa mchanga, nikapiga magoti vizuri kama alivyotaka, nikasema kwa sauti ya darasani: "Shikamoo, Babu Bembea."

Ngoma kubwa ilikatika kwanza, kisha ndogo. Lipiko alisimama. Angeweza kunyamaza. Angeweza kunikimbiza, kurusha mchanga, kupiga mwereka, na watu wangesema mtoto wa kuja kapayuka, basi. Nimefikiri juu ya kimya kile maisha yangu yote na nakuambia kilikuwa kirefu kutosha mtu kuchagua. Halafu sauti ikatoka ndani ya mti, ya upole, ile ile ya kila asubuhi.

"Malahaba, mwalimu mdogo."

Wanawake walipiga ukelele ambao haukuwa wa mchezo, wakajifunika nyuso kwa khanga na kukimbia kweli. Vijana wa mjini waliangua kicheko. Wazee wa ngoma walimzunguka, wakamtupia shuka kichwani na kumsukuma nyuma ya banda, na mmoja wao alinitazama kwa jicho ambalo hadi leo nikiwa na homa huwa naliona. Baba alicheka mpaka akashika nguzo. Alininunulia soda. Mama, ambaye hakuelewa lolote zaidi ya kwamba nimetii, aliniambia nimefanya vizuri.

Babu Bembea hakurudi kutoa gongo. Siku ya pili bembea ilikuwa imesimama vile vile, kasha langu lisilo na rangi liko juu kabisa, na Dada hakuwepo kwenye foleni. Wiki mbili baadaye nyumba ya jirani ilikuwa tupu. Baba alisema mkataba wake wa bandarini umekwisha, watu hao huhamahama. Niliuliza mara moja tu. Mwaka uliofuata alipata uhamisho, tukaondoka Mtwara, na kisa kikawa cha mezani: binti yetu aliyemsalimia jini, na jini likaitikia! Wageni walicheka. Mimi nilijifunza kucheka pia, na katikati ya kicheko nilikuwa naisikia ile sauti ikitoka ndani ya mti. Nimeisikia kwenye ukumbi wa harusi yangu. Nimeisikia hospitalini mama alipokuwa anakata roho, na nilimkasirikia mama wakati ule, Mungu anisamehe, nikiwa nimemshika mkono.

Sasa unaelewa kwa nini yule kijana mwenye maji ya chupa alinitoa uwanjani. Ile sheria niliyoivunja haipo tena. Mtoto yeyote leo anaweza kumsalimia lipiko kwa jina na akaitikiwa na kupigwa picha. Mabanda ya makuti yamekuwa ya bati, mahali pa bembea pana vyoo, na wazee wa ngoma ile wamelala chini wote. Sikuwa na mtu wa kumwomba radhi, na hilo lingetosha kunipumzisha. Lakini jioni ile mpwa wangu, katika kuulizauliza kwake, akaniambia yupo bibi mmoja Kitaya, kule mtoni, ambaye baba yake alikuwa na bembea mjini zamani.

Nilikwenda kesho yake. Nilimkuta Dada uani anamenya mihogo, mwembamba, nywele nyeupe. Nilijitambulisha kama mtoto wa bwana shamba wa Magomeni. Kisu hakikusimama.

"Mtoto wa mwalimu," alisema. "Kaa."

Nikakaa. Alinimenyea kipande cha muhogo mbichi, nikala, tukaongea habari za mvua na za viboko wanaoharibu mpunga. Nilizunguka sana kabla ya kufika. Mwishowe nikamuuliza kwa nini walihama.

"Hakuna aliyetufukuza," alisema. "Wenzake walimweka pembeni tu. Hawakumpa tena kichwa. Ngoma ikilia mjini, baba hakai ndani, hakai nje, anazunguka nyumba. Mama akasema tuludi huku, huku ngoma ziko mbali."

"Na bembea?"

"Kuni."

Nikamwuliza habari za kifo cha mzee. Alitupa ganda la muhogo kwa kuku, akawatazama wakiligombania. Alisema baba yake alicheza kwenye matanga ya watu wengi kuliko anavyoweza kuhesabu, wa huku na wa ng'ambo, kwa maana Mmakonde wa miaka ile alikuwa hamalizi msiba bila lipiko kuja kumsindikiza marehemu. Yake yalipofika walipeleka habari kwa wazee. Wakapika. Wakafagia uwanja, wakakaa.

"Hakuja," alisema.

Nilitaka kusema yale niliyojiandaa nayo toka mjini. Nilisema nilikuwa mtoto, nilisema mama, nikasema magoti, maneno yakanichanganyikia mdomoni. Alisubiri nimalize.

"Nilimwuliza," alisema. "Nilimwuliza akiwa mgonjwa. Nikamwambia baba, si ungenyamaza tu? Akasema, mtoto amepiga magoti kwenye mchanga, watu wanamtazama, ningemwachaje pale chini?"

Nililia basi, sina haya ya kusema. Nililia kwa sauti uani kwa mtu, mama mzima na mkoba wangu mapajani. Miaka yote nilijiambia ameitikia kwa mazoea, ulimi umemponyoka. Kumbe alichagua.

Jua lilipoanza kushuka alinisindikiza hadi barabarani, polepole, magoti yanamsumbua. Nikapata ujasiri wa kuuliza lile lililonipeleka: kama mzee alikufa na kinyongo nami.

"Baba hakukulaumu hata siku moja," alisema. "Mimi ndiye niliyekulaumu."

Hakusema kama ameacha, na gari lilipokuja alinifungulia mlango.