Shibiri ya Kaka

Kaka yangu ana mikono mikubwa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Akikushika bega, unajua umeshikwa. Kwa mikono hiyo alipewa kazi ya kuogesha ng'ombe kwenye josho, na kwa miaka kumi na minane hakuna fahali aliyemgomea. Watu humwita Bwana Ufito, kwa sababu ya ufito wa kupimia dawa asioachana nao. Niliwahi kumtania kwamba iko siku atalala nao. Mkewe akasema, "Wifi, umechelewa. Tunalala watatu."

Kazi yenyewe haina siri. Kila Alhamisi ng'ombe wakishapita, maji ya josho hupungua. Kaka huzamisha ufito, huhesabu alama zilizobaki kavu, hujaza maji, kisha humimina dawa ya kupe: alama moja, chupa moja. Ufito wa kwanza aliurithi kwa mzee aliyemtangulia. Ulipovunjika, miaka mitatu iliyopita, akakata mwingine. Mzee alimwachia neno kwamba kila alama ni shibiri moja, basi kaka akapima kwa shibiri yake. Mimi ndiye niliyemshikia ufito akichonga, na wala sikuwaza kitu.

Mwaka huu kupe wakazidi. Tukasema ni mvua. Tukasema ni ng'ombe wa wageni. Mtu hakosi pa kutupia lawama. Kisha Chausiku, ng'ombe wangu wa pekee, aliyekuwa na ndama wa wiki tatu, akaacha kula. Tezi chini ya masikio zikamvimba kama mayai.

Bwana mifugo alikuja, akampapasa, akatikisa kichwa. "Ni ndigana, mama, homa ya kupe. Mmeniita siku ya nne."

Alimchoma sindano, kisha akaomba kuliona josho. Akauchukua ule ufito, akaugeuza geuza.

"Nani alizipima alama hizi?"

"Mimi," kaka akasema, bado kwa fahari. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Bwana mifugo akatandaza kiganja chake kutoka alama moja hadi ya pili. Hakikufika.

"Alama zimeachana mno. Kila ulipotia chupa tatu zilitakiwa nne, mzee wangu. Miaka mitatu mmewaosha kwa dawa hafifu. Kupe hawakufa, wameizoea."

"Basi kuanzia leo natia nne."

"Tia hata kumi. Dawa hii hawaiogopi tena. Inatakiwa ya aina nyingine. Nimeshaiomba, ila sijui itafika lini."

Kaka akaupokea ufito, akazihesabu alama upya.

Chausiku akafa Jumatano asubuhi, povu puani. Nami nina ulimi, najijua. Nilimwambia kaka, "Umeniulia ng'ombe kwa kiganja chako." Nilijuta papo hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Aliinama tu, akaanza kuchimba shimo.

Kesho yake watu wakaleta ng'ombe kama kawaida. Kaka akasimama mlangoni mwa josho akawaeleza yote: ufito, shibiri, kupe. Hakuficha kitu. Jirani yetu muuza maziwa akaangua kicheko.

"Bwana Ufito, we tangu lini ukakosea? Hebu tupishe, ng'ombe wanachoka."

Kaka akawapisha. Angefanyaje? Ng'ombe wakatumbukia mmoja mmoja, wakatoka wanachuruzika maji, na kupe wao masikioni.

Mchana akaja kwangu. Hakuomba msamaha. Alipiga magoti kando ya yule ndama, akaanza kumtoa kupe kwa mkono. Wale wadogo ni kama ufuta. Vidole vyake viliteleza, akajaribu tena, ndama akaruka kwa maumivu. Akajaribu mara ya tatu.

"Siwashiki, dada," akasema. Alikuwa analia, kaka yangu mzima.

Nilitaka kubaki na hasira yangu, nikashindwa. Nilileta kopo la mafuta ya taa, nikaketi chini. Yeye akamshika ndama kichwa kwa mikono yote miwili, taratibu sana, nami nikachomoa mmoja baada ya mwingine na kuwatumbukiza koponi. Sikio la kushoto likawa safi. Nikahamia la kulia, mpaka mgongo ukaniuma.

Nilipomaliza la kulia, nikarudi kuliangalia la kushoto. Walikuwa wameshapanda wengine.