Chetezo Kilichozimwa Kivukoni

Habari ya kifo cha yule dereva mzee niliipata Ijumaa, nikichagua mchele. Nyinyi mnaosoma tanzia zangu hapa mmezoea kuniona nikiwalilia watu. Huyu sikumlilia. Niliketi na ungo mapajani nikamwonea wivu mjane wake, wivu wa kuumia meno, na sioni haya kuuandika. Mume wake amekufa kitandani, mzee kibogoyo, baada ya kubeba mapipa ya petroli kutoka Malindi hadi Garsen na Kipini ujana wake wote. Wangu alibeba mzigo huohuo, njia hiyohiyo.

Mara ya kwanza kumwona dereva huyo nilikuwa bibi harusi. Ilikuwa miaka ya hamsini; daraja hatukuwa nalo, Tana tulivuka kwa pantoni ya kuvutwa kwa kamba. Nilikuwa natolewa Garsen kupelekwa Kipini, na kwetu bibi harusi akifika bila moshi wa udi huyo ameletwa kama mzigo. Kwa hiyo shangazi yangu alikuwa amekipakata chetezo, makaa yamekolea. Lori la dereva yule lilikuwa limekwisha kupanda pantoni, mapipa yamefungwa kwa kamba na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa, na nyuma likiburuta mnyororo wa kuzuia cheche, ambao watu waliuita mkia. Akashuka akasimama mbele ya shangazi. "Mama, kizime hicho, au mngoje pantoni irudi." Shangazi akamwangalia juu hadi chini. "Mwanamume mzima, waogopa moshi wa harusi?" Akajibu taratibu, "Moto ni moto, mama, hata ukinukia." Bwana harusi wangu, dereva naye, alicheka akasema yeye hupakia petroli na sigara mdomoni, na bado yuko. Lakini wavuta kamba walikataa kuvuta. Shangazi akachota maji ya mto akayamwagia makaa, na mimi nikaingia Kipini nikinuka majivu mabichi. Nilimchukia tangu hapo.

Baadaye mke wa dereva yule akawa jirani yangu. Wangu ndiye aliyekuwa akifika kwanza, akipiga honi, wanawake wakitoka milangoni. Wake alisubiri jua lipungue, alishuka kila mara kukagua vifuniko, akifika aliliacha lori mbali na nyumba za makuti na kuja kwa miguu. Nilikuwa nikimtania mkewe, "Shoga, wako amelala na mapipa leo?" Naye, bila kuinua uso kwenye kinu, "Amelala. Ataamka."

Mchana mmoja wangu alisimama njiani kutazama pipa lililokuwa likivuja. Alichungulia na sigara yake mdomoni. Yule mwenziwe, aliyekuwa akija nyuma polepole kama kawaida yake, ndiye aliyemkuta, na ndiye aliyekuja kunipa habari. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, wala hakusema kwamba aliwahi kutuonya. Afadhali angesema, nipate wa kumtukana. Mume wangu waliniletea akiwa amekwisha kufungwa sandani, wakaniambia nisifunue.

Juzi nilikwenda matangani. Mjane akanishika mkono, akaniambia, "Wiki iliyopita tu nilimkata kucha, akilalama kama mtoto." Alidhani ananisimulia msiba. Mimi nilitamani kumnyang'anya hata hizo kucha.

Siku hizi lami imefika, na mjukuu wangu anaendesha lori la tangi hadi Lamu. Ndiye fahari yangu, na simfichi mtu. Jana mkewe alinijia amenuna. "Bibi, mseme mjukuu wako. Kila safari yuachelewa, azunguka gari, agusa kila koki, na chakula chapoa." Nikamwambia akipashe. Akipashe leo, akipashe na kesho, anune mpaka nywele zimwote mvi. Mwanamume anayebeba moto wa watu wengine, haraka si sifa yake. Mungu akimjalia binti yule, iko siku atamkata kucha mzee wake, akilalama.