Kanda Iliyoliwa na Mashine

Mume wangu alikufa akigeuza eriali. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu watu wakimuuliza mjane habari za kufiwa hutarajia ugonjwa au ajali ya barabarani. Nikiwaambia eriali, hutazama chini, kama watu wanaojizuia wasicheke. Sijawahi kuwalaumu.

Ilikuwa Ruiru, Jumapili alasiri, nyumbani kwa rafiki yake. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Sisi tuliishi Thika, nami nilikuwa kwenye kiwanda cha nyuzi, ambako zamu yangu iliangukia Jumapili mara nyingi kuliko nilivyopenda. Miaka hiyo ya tisini televisheni ilikuwa ikirudia hadithi za mpelelezi ambaye mimi na mume wangu tulimwona kwenye filamu tukiwa watoto, katika ukumbi wa shamba la kahawa tulikozaliwa sote. Watoto tulikaa sakafuni, wazazi nyuma kwenye mabenchi. Mpelelezi alikuwa mtu mnene, mpole, asiye na haraka. Kabla ya kuuliza swali lolote aliomba kukaa kwenye kiti cha marehemu. Alikaa tu, akawatazama waliobaki. Yule ambaye hakuweza kumtazama akiwa kwenye kiti hicho, huyo ndiye angechunguzwa kwanza.

Kwa kuwa nilikuwa kazini, mume wangu alikwenda kwa rafiki yake, ambaye alikuwa na mashine ya video wakati sisi tulikuwa na televisheni tu, akaninasia kila hadithi kwenye kanda. Nikipata siku ya mapumziko tulikwenda wote Ruiru kuitazama. Yeye tayari alijua mwisho, lakini hakuwahi kuniambia. Alikaa akinitazama mimi badala ya kioo.

Aliyekuwa na televisheni siku hizo anajua kazi ya eriali ilivyokuwa. Mtu mmoja hupanda juu ya mabati, mwingine hubaki ndani mbele ya kioo. Wa juu hugeuza mti wa eriali, wa ndani hupaza sauti. "Bado" maana yake endelea kugeuza. "Hapo hapo" maana yake acha, funga waya, shuka. Aliye juu haoni picha yoyote. Hana budi kumwamini aliye ndani.

Siku ya mazishi rafiki yake alisimama akasema mbele ya watu wote, "Nilikuwa ndani nikimwambia bado, bado. Ndipo nikasikia kishindo." Watu walilia. Mimi pia nililia, na sikufikiria zaidi.

Baadaye alikuja Thika akiwa amebeba mashine yake ya video na mfuko wa kanda.

"Kaa nazo, shemeji," alisema. "Zilikuwa zenu kuliko zangu."

"Na wewe utatazama nini?"

"Mimi nimechoka na televisheni."

Nilimshukuru. Lakini alipoondoka nilibaki nikiitazama ile mashine. Ilikuwa kitu alichokipenda kuliko koti lake la kanisani. Alikuwa akiifunika kwa kitambaa kilichoshonwa. Mtu hatoi kitu kama hicho bila sababu, nilijiambia.

Nikaanza kuzitazama zile kanda, moja baada ya nyingine, mchana nikitoka zamu ya asubuhi, na soksi zangu za kazini bado zina vumbi la pamba. Sikuwa nikimtafuta mwuaji wa hadithi. Nilitafuta sauti ya mume wangu, ingawa nilijua vizuri kwamba mashine hainasi sauti za chumbani. Nilichopata ni yule mpelelezi mnene kwenye kiti cha marehemu, hadithi baada ya hadithi, akiwatazama waliobaki. Na mimi nikaanza kutazama kama yeye.

Nikaona kwamba rafiki wa mume wangu, kila alipokuja kunijulia hali, hakukaa kwenye kiti cha mume wangu. Kilikuwa karibu na dirisha, kiti kizuri kuliko vyote, na kabla ya msiba alikuwa akikikimbilia, wakikigombania na mume wangu kama watoto. Sasa alichukua kigoda cha jikoni akakaa karibu na mlango. Nikaona pia kwamba hakuwa akimaliza chai. Kisha nikasikia kwamba kazi ya usimamizi pale kiwandani, ambayo mume wangu alikuwa ameahidiwa, imepewa yeye. Aliponiambia alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Hongera, shemeji," nilimwambia.

"Walinipa tu. Sikuiomba."

Sikulala vizuri kwa muda mrefu baada ya jibu hilo.

Tena kulikuwa na kanda iliyokosekana. Mfukoni zilikuwemo zote nilizozijua, isipokuwa ya Jumapili ile ya mwisho. Nilimuuliza.

"Ile ililiwa na mashine," alisema haraka. "Ilitoka utepe wote nje kama matumbo. Nikaitupa."

Hakuna kitu kilichonitia shaka kama hayo matumbo. Sikuwa nimemuuliza ilitoka vipi.

Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe. Alikuwa akija soko la Thika kununua mitumba, na akimaliza hupita kwangu kunywa chai. Siku moja nikamwambia, kama mtu asiyejali, kwamba ni bahati mbaya kanda ile ililiwa na mashine.

"Mashine ile?" alisema. "Mashine ile haijawahi kula kitu. Kanda iko juu ya kabati, ameiviringisha kwa mfuko wa sukari."

"Kwa nini?"

"Haiya, muulize yeye. Nikipanguza vumbi huko juu anakuwa mkali. Na unamjua, yule hata kuku wa Krismasi namchinja mimi, yeye akiwa amesimama barabarani." Alicheka, kisha akanitazama, akaacha kucheka. "Wewe unaitaka, mama?"

"Naitaka."

Aliniletea safari iliyofuata, chini ya nguo za watoto. Nilifunga mlango, nikaacha dirisha wazi, nikaiingiza.

Mwanzo ilikuwa picha nzuri. Kisha lazima upepo uliisukuma eriali, maana zikaja chengachenga, na sauti ikawa kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Hapo ndipo alipopanda. Niliona picha ikija na kupotea, ikija na kupotea, na nilijua kwamba ile ilikuwa mikono ya mume wangu. Nilisogeza kiti karibu. Nilikuwa nikimwona akifanya kazi, ingawa hakuwa kwenye picha.

Kisha picha ikashika. Ikawa safi kabisa. Mpelelezi alikuwa amewakusanya watu wote sebuleni, amekaa kwenye kiti cha marehemu, ameanza kueleza. Picha iliendelea kuwa safi. Alieleza habari za dirisha, akaeleza habari za glavu, akaomba maji akanywa. Picha ikabaki safi wakati huo wote, na mume wangu bado alikuwa juu ya mabati. Halafu ikaruka mara moja, zikaja chengachenga, na hazikuondoka mpaka kanda ikaisha. Hakuna aliyekuja kuzima mashine.

Nilirudisha nyuma, nikatazama tena. Nilichemsha chai picha ikiwa safi, na chai ikachemka. Hakuna mtu anayeambiwa "bado" picha ikiwa hivyo. Alikuwa amesema uongo mbele ya jeneza.

Nilimwita. Alikuja Jumamosi, akanyoosha mkono kuchukua kigoda.

"Leo kaa pale," nikamwambia, nikamwonyesha kiti cha dirishani.

"Hapa panatosha, shemeji."

"Kaa pale."

Alikaa ukingoni, kama mtu aliyekalia mayai. Niliwasha mashine. Alipoona ni kanda ipi, hakuuliza nimeipataje. Picha iliposhika, nikasema, "Hapa ulikuwa ukimwambia bado?"

Aligeuza uso kutoka kwenye kioo.

"Ulikuwa ndani kweli?"

"Nilikuwa ndani."

"Mlikuwa mmegombana kwa ajili ya ile kazi?"

"Hapana. Aki ya Mungu, hapana." Alifuta uso kwa kiganja. "Shemeji, zima."

"Sizimi. Sema."

Alitazama kioo, mpelelezi akieleza habari za dirisha. "Hapo picha ilishika," alisema. "Nikafungua mdomo nimwambie hapo hapo. Na huyu mtu akaanza kueleza. Nikasema moyoni, ngoja nimsikie kidogo. Nikakaa." Aligusa mkono wa kiti. "Nikamsahau, shemeji. Nilimsahau huko juu. Alikuwa akingoja nimwambie. Nadhani alidhani nimetoka, akainama achungulie dirishani. Nilikuwa hivi, nikingoja kusikia jina la mwuaji. Hata jina lenyewe sikulisikia."

Picha ikaruka. Zikaja chengachenga. Alishtuka kwenye kile kiti kana kwamba kishindo kilikuwa paani kwangu.

"Mbona hukuitupa?" nikamuuliza.

"Niliogopa kuitupa. Na niliogopa kuitazama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwuaji. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuwaambia wazee wa ukoo, na ni nani angenisindikiza polisi. Kwa mtu aliyekaa chini kutazama televisheni sikuwa nimejiandaa. Nilimtazama sana, kama mpelelezi angemtazama, na safari hii alinitazama pia. Hata hivyo nilijiuliza kama ule ulikuwa ukweli wote. Mtu akizoea kushuku haachi siku moja. Alipoondoka sikumwambia nenda salama, wala sikumwambia usirudi.

Alirudi. Baada ya mvua ndefu mti wa eriali yangu ulilala upande, na mkewe akamwambia. Alikuja na koleo na waya.

"Wewe kaa ndani," alisema. "Mimi nitapanda."

Nilisimama mbele ya kioo, nikamsikia akitembea juu ya mabati. "Bado," nilisema. "Bado." Kisha picha ikashika: kwaya ya kanisa, kola nyeupe, kila uso unaonekana. Nikafungua mdomo, sikusema kitu.

Juu palitulia. Alijua, nadhani. Ile kwaya hata jirani angeisikia ikiimba bila mkwaruzo. Lakini hakuuliza, hakuita jina langu, hakuinama achungulie dirishani. Alibaki pale, mkono kwenye mti, akiningoja mimi. Wanakwaya wakamaliza ubeti, wakavuta pumzi.

"Hapo hapo," nikasema. "Funga waya. Usishuke kwanza, nakuja kushika ngazi."