Mgeni Aliyeimba Wimbo wa Marehemu Mama

Mtu nisiyemjua alisimama kwenye baa ya mtaani kwetu akaimba wimbo wa mama yangu.

Mama alikuwa na miezi mitano kaburini. Wimbo aliutunga mwenyewe, haukuwahi kurekodiwa popote, na mrithi wake alikuwa mmoja tu. Mimi.

Sasa kaeni vizuri niwaeleze nilivyojiaibisha.

Naitwa Lorna, nina miaka hamsini na moja, naishi mji mdogo wa milimani huku Yorkshire. Kila Jumanne jioni baa yetu, Mbwa na Bata, humpa nafasi yeyote anayetaka kuimba. Unaandika jina kwenye karatasi, unaimba nyimbo mbili, unakaa. Bluzi za majonzi, nyimbo za wazee, chochote.

Sheria hazijaandikwa, ila zipo. Mtu akiimba, mlango haufunguliwi. Ukichelewa unasubiri nje hata mvua ikunyeshee. Na wimbo una mwenyewe. Ukiimba wa mwenzio naye yupo, utatazamwa mpaka bia ikutokee puani.

Wimbo wa mama ulihusu kiwanda cha nguo kilichofungwa. Aliuimba miaka thelathini. Alipokufa hakuna aliyeugusa. Walikuwa wananisubiri mimi.

Jumanne hiyo nikajiandikisha namba saba.

Jamani, kiti hakikukalika. Chooni mara tatu. Krispi pakiti mbili, ladha sikuisikia. Noreen mwenye baa akanifokea kutoka kaunta.

"Lorna, tulia basi! Unanichosha macho."

"Nikisahau maneno je?"

"Utasahau vipi wimbo wa mama yako mzazi?"

Nikacheka kicheko cha uongo. Ukweli ni kwamba ubeti wa kwanza niliujua, wa pili nilikuwa nabahatisha, wa tatu ndiyo kabisa. Mama akiwa makao ya wazee aliniambia, "Njoo tukae nikufundishe." Nikamjibu wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika alikuwa ndani ya sanduku.

Namba tano akaitwa. Mwanaume mwembamba, gitaa limebanduka rangi, kidoleni amevaa shingo ya chupa iliyokatwa. Akaitelezesha juu ya nyuzi taratibu, kibluzi.

"King'ora cha kiwanda hakilii tena alfajiri,
nami bado naamka, sijui namwamkia nani."

Damu ikanipanda kichwani.

Nikafanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya pale. Nikasimama katikati ya wimbo.

"Mwizi! Huo wimbo ni wa mama yangu!"

Gitaa likanyamaza. Mzee Wilf, anayeita majina, akanikazia macho.

"Lorna, mtu akiimba hakatizwi. Hata awe shetani."

"Ni mwizi, Wilf!"

"Haya. Kama ni wako, njoo uuimbe."

Nikaenda. Ubeti wa kwanza nikautwanga, watu wakaitikia. Wa pili nikauingia kwa mbwembwe, mistari miwili, halafu kweupe. Kichwani hamna kitu. Watu arobaini wananitazama. Nikarudia mstari. Kweupe tena.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, ya chini, ikinipa neno.

Nikalidaka. Akanipa lingine. Ubeti wa tatu wote mgeni yule alinilisha mstari kwa mstari, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Nilimaliza machozi yakinitiririka, na si ya huzuni tu, ya aibu pia.

Nikageuka niondoke.

"Bado mmoja," akasema.

"Wa nne hakuna," Wilf akadakia. "Hilda mama yake aliimba beti tatu siku zote."

"Wa nne aliutunga mwezi wake wa mwisho."

Anaitwa Kester. Anafua mashuka kule makao ya wazee. Kila akipeleka mashuka safi mama alimwambia kaa hapo nikufundishe, na akikosea alichapwa kwa gazeti.

"Kwa nini akufundishe wewe?" nikamuuliza.

"Nilikuwepo."

Neno moja tu. Lilinikata maini.

"Na hapa ulifuata nini?"

"Wewe. Sikujua sura yako. Alisema nikauimbe Mbwa na Bata, atakayesimama kunitukana ndiye binti yake."

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi kikanitoka.

"Basi uimbe huo wa nne."

Akatikisa kichwa. "Alinikataza. Alisema nikupe ukiniomba. Alisema, 'Lorna wangu hajui kuomba, anajua kudai.'"

Kicheko kikaisha. Watu wakatazama bia zao, kwa sababu wote walijua ni kweli. Noreen anajua. Wilf anajua. Aliyekuwa mume wangu, popote alipo, anajua zaidi.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya mtu niliyemwita mwizi.

"Kaka Kester, tafadhali," nikasema. "Naomba unifundishe."

Akanifundisha. Wilf aliacha kuita majina, na hakuna aliyelalamika.

Wadau, mzazi akikwambia njoo tukae, nenda leo. Nyumba na vyombo vitakusubiri mpaka baada ya mazishi. Yaliyo mdomoni mwake atapewa aliyekuwepo. Kama hukuwepo, usimchukie huyo mtu. Mpigie magoti.

Ubeti wa nne siuandiki hapa. Ukiutaka, njoo Jumanne, uombe.